Nani Amemdhamini Nani?

Siku hizi ni vigumu kupata chama cha akiba na mikopo, shule ya binafsi au zahanati ya mtaani isiyotamani kuingiza kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Hilo ni jambo jema. Daftari huloa mvua, huliwa na mchwa, na katibu akisafiri nalo kazi zote husimama. Lakini utaratibu unaofuatwa mara nyingi unashangaza. Kamati hukutana na kupitisha fedha, mashine na programu hununuliwa, na vijana huanza kuingiza majina. Baada ya miezi sita mwenyekiti anauliza swali moja dogo, na kompyuta haina jibu. Hapo lawama humwangukia kijana aliyeingiza majina, au mashine yenyewe, au umeme.

Aghalabu kosa haliko huko. Liko siku ya kwanza kabisa, kabla hata mashine haijatolewa kwenye boksi, kwa kuwa hakuna aliyekaa na karatasi na kalamu akauliza: sisi hapa tunatunza habari za vitu gani, na vitu hivyo vinahusiana vipi? Kazi hiyo ya karatasi na kalamu ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Wataalamu huiita usanifu wa kanzidata, na wenzetu wengine husema hifadhidata. Jina lisikutishe. Kanzi ni hazina, kwa hiyo kanzidata ni hazina ya data: daftari lililopangwa ili liweze kuulizwa maswali na kuyajibu.

Tuchukue mfano wa SACCOS, maana wengi wetu tuna hisa humo. Katibu ana daftari la mikopo, na kila mkopo umepewa mstari mmoja. Mstari huo una tarehe, jina la mkopaji, namba yake ya simu, mahali anapofanya kazi, kiasi alichokopa, mdhamini wa kwanza na mdhamini wa pili. Daftari ni safi, mistari imenyooka, mwandiko unasomeka. Kijana wa kompyuta akiambiwa alihamishe, atalihamisha vilevile lilivyo, mstari kwa mstari.

Sasa angalia. Bibi Rehema amekopa mara nne katika miaka mitano. Simu yake imeandikwa mara nne. Akibadilisha laini, katibu atasahihisha mstari wa karibuni, na ile mitatu ya nyuma itabaki na namba ya zamani, ambayo huenda leo inatumiwa na mtu mwingine kabisa. Tena yuko mwanachama ambaye ameweka akiba kwa miaka kumi bila kukopa hata shilingi. Huyo katika daftari hili hayupo duniani, kwa sababu daftari linamjua mtu pale tu anapokopa.

Hayo ni madogo. Kubwa linamhusu Mzee Athumani. Tuseme ni fundi makenika, mpole, asiyejua kumkatalia mtu. Kanuni ya chama inasema mwanachama asidhamini zaidi ya mikopo mitatu kwa wakati mmoja. Mzee Athumani amedhamini tisa. Hakuna aliyekusudia kuivunja kanuni. Katika mistari mingine jina lake liko kwenye safu ya mdhamini wa kwanza, katika mingine liko kwenye safu ya mdhamini wa pili. Pengine limeandikwa Athumani, pengine Athuman, pengine Mzee wa Gereji. Daftari limepangwa kwa kumfuata mkopaji, na kwa hiyo linajibu upesi swali la nani amekopa, lakini swali la huyu amewadhamini wangapi linahitaji kusoma kurasa zote tangu mwanzo. Nani ana muda huo Jumamosi jioni, watu wanasubiri hundi? Wakopaji wanne wakishindwa kulipa, akiba ya Mzee Athumani, ile aliyoiweka kwa ajili ya uzee, inakatwa yote kulipa madeni ya watu. Na ukilihamishia daftari hilo kwenye kompyuta bila kulipanga upya, utakuwa umeyahamisha matatizo yake yote yakiwa mazima, ila sasa yanachapwa kwa wino mzuri.

Matatizo haya yaliwasumbua wakubwa kabla yetu. Katika miaka ya 1960, Wamarekani walipokuwa wakitengeneza chombo cha kwenda mwezini, kampuni ya IBM ilishiriki kuunda mfumo wa kutunza orodha ya vipuri vyake. Mfumo huo, uitwao IMS, ulipanga habari kama mti: shina, matawi, vijitawi. Ulikuwa na kasi, lakini katika mti kila kijitawi hutoka kwenye tawi moja tu. Kipuri kimoja kikitumika katika mitambo miwili, inabidi kutafuta ujanja. Na maisha yamejaa mambo yenye wazazi wawili.

Mwaka 1970 mtafiti wa IBM, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitoa makala iliyopendekeza kuachana na miti. Aliandika kwamba data zote ziwekwe kwenye majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na majedwali yahusianishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Ukiona leo namba ya mwanachama kwenye kadi yako, na namba hiyohiyo kwenye fomu yako ya mkopo, unaona wazo la Codd likifanya kazi. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ni kama Nobeli.

Lakini Codd aliandika kwa lugha ya hisabati, na mwenyekiti wa chama hawezi kukaa na hisabati ile akasema hapa mmekosea. Aliyeleta lugha ya kuzungumza na mwenyekiti ni Peter Chen, mzaliwa wa Taiwan, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1976 alichapisha makala juu ya mchoro wa vitu na uhusiano. Katika mchoro huo kila aina ya kitu huchorewa kisanduku. Kila uhusiano huchorewa umbo kama la kashata iliyokatwa mshazari. Kisha mistari huunganisha kisanduku na kashata, na pembeni ya mstari huandikwa idadi. Basi. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaweza kuutazama mchoro huo akasema, hapana, kwetu hapa mkopo mmoja una wadhamini watatu, si wawili. Hiyo ndiyo faida yake yote, na ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana kufuta mstari wa penseli ni rahisi, na kubadilisha mfumo ambao umeshajazwa majina elfu tano ni gharama na ugomvi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1983, Chen alionyesha jambo jingine ambalo kila mwalimu wa lugha atalifurahia. Alisema eleza shughuli zako kwa sentensi za kawaida, kisha uzichambue. Majina kwa kawaida yatakuwa visanduku, na vitenzi vitakuwa uhusiano. Yeye alifanya hivyo kwa sentensi za Kiingereza. Mimi nadhani Kiswahili kinafaa zaidi. Chukua neno moja tu: amemdhamini. Ndani yake mna a, yule anayedhamini, na mna m, yule anayedhaminiwa, na mna tendo lenyewe. Visanduku viwili na kashata moja, vyote katika neno moja. Geuza useme wamedhaminiana, na hapo hapo umegundua hatari ambayo mkaguzi angehangaika kuitafuta: Ali amemdhamini Saidi, na Saidi amemdhamini Ali, na mmoja akianguka wote wawili wako chini.

Hata hivyo tusiiamini lugha kupita kiasi. Tunaposema Athumani amemdhamini Rehema, je, amemdhamini Rehema maisha yake yote? Hasha. Amedhamini mkopo mmoja wa Rehema, ule wa mwezi wa tatu. Akikopa tena mwaka ujao, Athumani hahusiki. Kwa hiyo mstari wetu hautoki kwa mwanachama kwenda kwa mwanachama. Unatoka kwa mwanachama kwenda kwenye mkopo. Mchoro umetulazimisha kusema kitu ambacho mdomo ulikiruka. Na nimeona vikao vya vyama vikibishana saa mbili juu ya jambo hilo hilo bila kujua kwamba ndilo wanalobishania.

Tazama pia maneno mkopaji na mdhamini. Yote mawili ni majina, na kwa kanuni ya haraka haraka yangepewa kila moja kisanduku chake: orodha ya wakopaji hapa, orodha ya wadhamini kule. Lakini ni majina yaliyozaliwa na vitenzi. Mkopaji ni yule anayekopa, mdhamini ni yule anayedhamini, na mtu huyo huyo anaweza kuwa yote mawili asubuhi moja. Kitu hapa ni mwanachama. Kukopa na kudhamini ni mambo yanayompata, yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Ukitengeneza orodha mbili utakuwa na akina Athumani wawili, na simu mbili, na siku moja utamfuta mmoja ukidhani umemaliza. Naomba msikilizaji ulishike jambo hili, nitalirudia baadaye mahali ambapo halina mzaha.

Idadi nazo zinahitaji kuulizwa moja moja. Mwanachama mmoja anaweza kuwa na mikopo mingi, lakini kila mkopo una mkopaji mmoja: huo ni uhusiano wa mmoja kwa wengi, na hutosha kuandika namba ya mwanachama kwenye mstari wa mkopo. Udhamini ni tofauti, kwa sababu mwanachama anadhamini mikopo mingi, na mkopo una wadhamini wengi. Uhusiano wa wengi kwa wengi haukai ndani ya jedwali la upande wowote. Ukiulazimisha unaishia na safu za mdhamini wa kwanza, wa pili, na siku akija wa tatu unaandika pembeni kwa penseli. Dawa ni kuupa uhusiano wenyewe jedwali lake, liitwe Udhamini. Kila mstari una namba ya mkopo, namba ya mwanachama anayedhamini, kiasi alichokubali kudhamini, tarehe ya kusaini, na tarehe aliyoachiliwa. Sasa mwenyekiti anauliza: Mzee Athumani ana mingapi? Kompyuta inahesabu mistari yenye namba yake isiyo na tarehe ya kuachiliwa, na jibu linatoka kabla fomu ya kumi haijasainiwa.

Umeona nimesema namba yake, si jina lake. Huo ndio ufunguo: alama moja isiyogawanywa na watu wawili na isiyobadilika. Jina halifai kuwa ufunguo, na kwetu ndiyo kabisa. Katika SACCOS yenye watu mia tatu akina Juma Hamisi hawakosi wawili. Mwanamke aliyejiunga kwa jina la baba anaweza baada ya ndoa kutumia la mume, na cheti chake cha shule kikabaki na la kwanza. Namba ya simu nayo haifai, kwa sababu mtu anazo mbili na anaweza kuziacha zote.

Wengine watasema tutumie namba ya Kitambulisho cha Taifa. Kwa Tanzania namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Inafaa sana kumtambulisha mtu, lakini kama ufunguo wa ndani wa chama nina shaka nayo kidogo. Ufunguo wenye maana ndani yake una udhaifu: maana ile ikionekana si sahihi, ufunguo nao unatiliwa shaka. Wazee wetu wengi wanaujua mwaka wao wa kuzaliwa kwa tukio, njaa fulani au mafuriko fulani, na siku yake aliibuni karani. Afadhali chama kimpe mwanachama namba yake isiyosema chochote, na namba ya taifa iandikwe kama sifa mojawapo ya mtu huyo. Wako watakaopinga, na wana hoja zao.

Tutoke kwenye SACCOS sasa, twende kwenye daftari la nchi, kwa sababu kanuni ni zilezile. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Ripoti hiyo ilionyesha pia vyeti ambavyo kila kimoja kilikuwa kinatumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Fikiria mchoro wetu. Mtumishi ni kisanduku, cheti ni kisanduku, na kati yao kuna kashata iitwayo alitunukiwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyeti vingi, lakini cheti kimoja kina mwenyewe mmoja tu. Kama idadi hiyo, hiyo moja tu, imeandikwa kwenye mfumo wa ajira, mfumo hukataa cheti hicho siku mtu wa pili anapokileta. Lakini watumishi walikuwa kwenye daftari la mwajiri na vyeti vilikuwa kwenye daftari la Baraza la Mitihani, na mstari wa kuyaunganisha ulikuja kuvutwa baada ya watu kufanya kazi kwa miaka mingi. Ulipovutwa kwa kishindo haukukosa kuwapiga wasiohusika: wapo waliokata rufaa wakaonekana hawana kosa.

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Kaskazini mashariki mwa Kenya, katika eneo la Garissa, zilifunguliwa kambi za Dadaab kuanzia mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka. Wakimbizi walipewa chakula, matibabu na shule. Nje ya kambi, katika nchi ileile kavu, waliishi Wakenya wa kabila moja na wakimbizi wale, wenye lugha moja na dini moja, nao ukame uliwakuta. Baadhi yao walijiandikisha kambini ili wapate mgao wa chakula. Wengine walipelekwa na wazazi wakiwa watoto, hawakuulizwa. Kadi ya mgao ilikuwa kadi ya kula. Alama za vidole zikachukuliwa na kuhifadhiwa.

Miaka ikapita, watoto wakafika umri wa miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa lao. Vidole vikalinganishwa na orodha ya wakimbizi, vikakutwa humo, na maombi yakakataliwa. Mashirika ya kutetea haki yanakadiria kwamba waliopatwa na jambo hili ni makumi ya maelfu. Nchini Kenya asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura, na kwenye majengo mengi ya serikali hata mlangoni hapiti.

Tafadhali angalia mahali kosa lilipo. Mashine haikukosea: vidole vilikuwa ni vya mtu yule yule kweli. Karani hakukosea kwa kadiri ya maagizo yake. Kosa ni kuchukua neno mkimbizi, jina lililozaliwa na kitenzi kama mkopaji na mdhamini, na kulifanya aina ya mtu. Kisanduku cha raia huku, kisanduku cha mkimbizi kule, na anayekutwa katika kimoja hawezi kuwa katika kingine. Lakini kilichotokea hasa ni tendo: siku fulani, mtu fulani aliandikishwa katika kambi fulani, kwa maelezo aliyoyatoa mzazi wake. Tendo hilo lina tarehe, lina mahali, lina aliyelipokea, na linastahili jedwali lake lenyewe. Uraia wa kuzaliwa ni mstari mwingine kabisa, unaotoka kwa mtu huyo kwenda kwa wazazi wake. Mistari miwili inaweza kutoka kwenye kisanduku kimoja bila mmoja kuufuta mwingine. Afisa angeiona yote miwili kwenye kioo, angeuliza maswali yake, angewaita wazee wa ukoo, na angeamua. Badala yake orodha iliamua, yeye akasoma.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa siasa na usalama wa mpaka, si wa visanduku. Siasa ipo, na jamii za eneo lile zilitiliwa shaka na serikali miaka mingi kabla ya kompyuta kufika. Nakubali. Lakini shaka ya afisa mmoja hubadilika akihamishwa au akistaafu. Shaka iliyochorwa ndani ya mfumo humsubiri mtoto mpaka akue.

Baadaye serikali iliendesha uhakiki katika maeneo yale. Watu walifika mbele ya kamati na barua za machifu, na ushahidi wa wazazi na wazee, na baadhi yao majina yao yakaondolewa kwenye orodha ya wakimbizi ili waweze kuandikwa kwenye orodha ya raia. Waliondolewa upande mmoja ili waingizwe upande wa pili. Visanduku vyenyewe viwili vilibaki kama vilivyokuwa, na habari kwamba mwaka fulani wa njaa mtoto wa Kenya alikula chakula cha kambini ilifutwa pamoja na jina.